Siku saba baharini, na swali tulilochelewa kuliuliza

Kwa miaka 31 Baba alifanya kazi ya ukarani katika bandari ya Kilindini, Mombasa, na kila msimu aliziona meli za watalii zikiingia, nyeupe, ndefu kuliko mtaa wetu mzima, wazee wa Kizungu wakishuka ngazi kwa mikongojo na kofia za jua. Alikuwa akirudi nyumbani jioni na kusema: "Wenzetu wakizeeka huenda matembezini, sisi tukizeeka twenda kliniki." Hatukuwahi kufikiri kwamba iko siku sisi wenyewe tutapanda meli ya namna ile, tena na kadi zetu za kliniki zikiwa mkobani.

Makala haya tunayaandika wawili, mume na mke. Mmoja ameshika kalamu na mwenziwe anasahihisha. Ili ndugu msomaji asichanganyikiwe, tutajiita Baba na Mama, kama watoto wetu wanavyotuita. Baba ana miaka 71, na kisukari amekuwa nacho kwa miaka 19. Hudunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Mama ana miaka 66, ana shinikizo la damu, na figo zake, kwa maneno ya daktari wake, zimeanza kuchoka. Wa kwanza ameambiwa asikae na njaa baada ya sindano. Wa pili ameambiwa aiogope chumvi. Na juu ya hayo yote sisi ni Waislamu, ambao chakula chetu kina sharti lililotangulia masharti ya madaktari.

Safari ilikuwa zawadi ya watoto. Mwanetu wa kiume anafanya kazi Dubai, naye alishauriana na dada zake wakachanga. Meli za watalii huzunguka katika Ghuba wakati wa majira ya baridi ya kule, kwa kuwa kiangazi joto lake halivumiliki kwa mtu wa umri wetu, wala kwa mtu wa umri wowote. Yetu ilikuwa ya mwezi wa Januari, usiku saba: kutoka Dubai hadi Maskati, kisha Khasab, Abu Dhabi, Doha, na kurejea Dubai.

Mtaani yalisemwa. Wapo waliotuuliza wazee wa Kiislamu wanatafuta nini katika meli yenye kasino na mabaa. Hatuwalaumu, kwani nasi tulijiuliza hivyo hivyo. Hija tulikwisha kuhiji, Alhamdulillahi, deni hatudaiwi, na kasino ina mlango ambao mtu asiyetaka kuingia haingii. Nairobi nayo ina baa kila kona, lakini hatujaacha kwenda huko kwa daktari wa macho.

Kuna jambo jingine lililomvuta Mama. Babu yake alikuwa baharia wa jahazi. Majahazi ya Uarabuni yalikuwa yakiteremka pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, kuanzia mwezi wa Disemba hadi Machi, yakileta tende na samaki mkavu, na kurejea kwa upepo wa kusi yakiwa na boriti za mikoko. Mama alikua akisikia jina la Maskati kama watoto wengine wanavyosikia jina la nyumba ya shangazi. Hakuwahi kufika. Babu huyo na wenziwe walikula wali, tende na papa mkavu kwa majuma, na hapakuwa na mtu wa kuwapima presha.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Wakala aliyetukatia tiketi, ambaye jina lake tunalihifadhi, tulimweleza kwa simu kwamba sisi ni Waislamu na kwamba sote wawili tuna maradhi yanayotaka chakula maalumu. Alicheka kwa upole akasema: "Msiwe na wasiwasi, meli inazunguka Uarabuni, kila kitu ni halali." Tuliridhika. Hatukujua kwamba meli hizi huwa na fomu ya mahitaji ya chakula inayopaswa kujazwa wiki kadhaa kabla ya safari, maana chakula cha meli hupakiwa kwa hesabu, na nyama ambayo haikuagizwa haiwezi kufuatwa sokoni mkiwa katikati ya bahari. Wala hatukufikiri jambo ambalo mtoto wa shule angelifikiri: meli kuelea katika maji ya Waarabu hakuufanyi mtungi wake uwe wa Waarabu. Abiria wengi walikuwa Wazungu waliokimbia baridi ya kwao, na jiko liliwapikia wao.

Usiku wa kwanza tuliletewa supu ya mboga. Mama alimuuliza mhudumu imepikwa na nini. Kijana yule akenda jikoni, akarudi akasema, kwa haya, kwamba maji yake ni ya mifupa ya ng'ombe. Ng'ombe aliyechinjwa vipi? Hakujua. Samaki alikuwa amemiminiwa mchuzi wa mvinyo. Kitindamlo kilikuwa kitu chekundu kinachotikisika, na kutikisika huko ni kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutolewa katika ngozi na mifupa ya nguruwe. Tulikula mkate na saladi. Tena tulikuwa tumepangiwa zamu ya pili ya chakula, saa tatu kasorobo usiku, wakati nyumbani Baba hudunga sindano yake na kula mara baada ya Magharibi.

Siku ya pili ilikuwa ya baharini, nchi kavu haionekani. Asubuhi kulikuwa na meza ndefu za kujipakulia, na wale wanaodhani kwamba wingi wa chakula ni wepesi wa kuchagua hawajawahi kusimama mbele ya meza ya namna ile. Soseji zimelala kando ya mayai. Vipande vya nyama ya nguruwe viko hatua mbili kutoka kwenye viazi. Kulikuwa na vibandiko vya majina, hilo hatulikani, lakini koleo lililonyanyua nyama ya nguruwe tuliliona kwa macho yetu likienda kwenye mayai mkononi mwa bibi mmoja ambaye hakuwa na nia mbaya. Tulikula mayai ya kuchemsha, yakiwa bado ndani ya maganda yake, na matunda. Mchana tukala vivyo hivyo. Mkate wenyewe ulikuwa na chumvi, jibini ina chumvi, zeituni zina chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai. Mama alihesabu akaona kijiko chake kimejaa kabla ya Adhuhuri. Jioni miguu ilikuwa imevimba.

Hata hivyo hatukulalamika. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atusikilize. Tulijiambia kwamba tunavumilia kwa ajili ya dini, na kwamba kuwasumbua vijana wa watu kwa maswali si adabu. Kumbe nusu ya uvumilivu ule ilikuwa ni haya tu, na haya ile haikuwa na uhusiano wowote na dini.

Siku ya tatu meli ilifunga gati Mutrah, katika Maskati, mapema asubuhi. Tulipanda sitahani kutazama: milima mikavu ya rangi ya kahawia imeukumbatia mji mweupe, na ngome ya kale juu ya mwamba. Mama alisimama pale muda mrefu bila kusema neno. Mpango wetu ulikuwa kutembea kidogo katika soko la Mutrah, kisha kuchukua teksi hadi Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, tukaswali huko Adhuhuri. Baba alidunga sindano yake saa kumi na mbili na nusu, akatangulia kwenye chakula wakati Mama anavaa. Aliporudi aliulizwa: "Umekula?" Akajibu: "Nimekula."

Hakuwa amekula. Alikuwa amefika mezani, safari hii mayai ya kuchemsha hayakuwapo, akaona koleo lile lile, akaweka sahani chini. Alikunywa chai isiyo na sukari. Alisema uongo ule mdogo, anavyoeleza mwenyewe, ili Mama asiharibikiwe na siku ya Maskati aliyoingoja maisha yake yote.

Basi la bandari lilitufikisha getini, tukatembea ufukweni hadi sokoni. Soko la Mutrah lina vichochoro vilivyoezekwa, harufu ya ubani imetanda, majambia na vitambaa vimening'inia pande zote. Tulikuwa tumeingia ndani kiasi cha robo saa Baba alipoanza kumjibu Mama kwa ukali, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akawa hajibu kabisa. Mama alimgusa shingo akaona jasho baridi, na mikono inatetemeka. Miaka 19 ya kuishi na kisukari cha mwenzio ni chuo kikuu. Alimkalisha juu ya kibao cha mlango wa duka la halwa akisema kwa sauti, kwa Kiswahili, maana hofu haina lugha ya pili: "Sukari yako imeshuka, wewe! Umekula kweli asubuhi?"

Mwenye duka alitoka, mtu wa makamo, kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani. Akasema: "Kaa kitako, baba. Mama, ana sukari?" Kiswahili safi cha Unguja. Baadaye alituambia kwamba mama yake alizaliwa Zanzibar, na kwamba nyumbani kwao hadi leo watu hugombana kwa Kiarabu na kupatana kwa Kiswahili. Wako wengi Maskati wenye asili hiyo, lakini wakati ule hatukuwa na nafasi ya nasaba. Mkono wake ulikuwa tayari umechota halwa. Mama akamzuia: "Kwanza soda, mwanangu, halwa baadaye." Halwa ina samli, na mafuta huchelewesha sukari kuingia katika damu, mtu ambaye sukari yake imeshuka anahitaji kitu chepesi kinachopita haraka, kama nusu gilasi ya soda ya kawaida au maji ya matunda, au vijiko vitatu vinne vya sukari katika maji. Soda isiyo na sukari haimsaidii kitu. Baba alikunywa. Kipimo kilionyesha 3.0, na sisi tumefundishwa kwamba chini ya 4 ni hatari. Tulingoja dakika 15 tukapima tena: 4.4. Hapo ndipo alipopewa mkate, na mtoto wa jirani akatumwa kuleta wali na samaki.

Tunashukuru kwamba alikuwa bado anaweza kumeza. Mtu aliyepoteza fahamu hapewi kitu mdomoni. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Msikiti Mkuu hatukuufikia. Tuliswali Adhuhuri katika msikiti mdogo karibu na soko, Baba akiwa amekaa, na tukarejea melini kwa mwendo wa pole, Mama akiwa amebeba kipande cha halwa kilichofungwa vizuri ambacho mwenye duka alikataa kulipwa. Njiani hatukuzungumza. Kabini ndipo Mama aliposema: "Ungefia kwenye mlango wa watu kwa kuona haya kuuliza mayai." Baba hakuwa na jibu, na hadi leo tunapoandika sentensi hii amesema iachwe kama ilivyo.

Alasiri ile Mama alishuka peke yake hadi ukumbi wa chakula, akamtafuta msimamizi, bwana mmoja kutoka Goa, India, akamweleza kila kitu kwa Kiingereza chake cha shule ya msingi alikofundisha. Yule bwana hakuudhika hata kidogo. Alisikitika. Akasema maneno ambayo tuliyarudia usiku kucha: kuku na kondoo wa halali wapo ndani ya meli, wenye cheti, kwa sababu baadhi ya abiria na wafanyakazi ni Waislamu, ila havitolewi mezani kwa wote, hupikwa kwa anayeagiza siku moja kabla, katika sufuria yake mbali. Ng'ombe hakuwa wa halali, akatuonya tusile. Muda wote ule tulioshindia mkate na maganda ya mayai, kuku alikuwako, sitaha mbili chini ya miguu yetu.

Tangu hapo kila usiku, kabla hatujainuka mezani, alitujia na menyu ya kesho. Tulichagua, naye akaandika: bila mvinyo, bila supu ya mifupa, sufuria mbali, mafuta mapya, chumvi isitiwe jikoni. Alituhamishia zamu ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu jioni, ili sindano na sahani visipishane. Samaki aliletwa wa kuchomwa kwa limau na kitunguu saumu. Kamba na ngisi Baba alivila kwa raha, sisi ni Mashafii. Kwa ndugu zetu Mahanafi hayo yana maneno yake, na waulize wanavyuoni wao.

Si kila wema ulitufaa. Mhudumu mmoja, alipomwona Mama analalamikia chakula dufu, alimletea kwa furaha vipakiti vya "chumvi isiyo na sodiamu." Mama alivaa miwani akasoma maandishi madogo: kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye figo zilizochoka, na kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha, potasiamu hujikusanya katika damu na huweza kuuvuruga moyo. Ndiyo sababu hata madafu, fahari ya pwani yetu, Mama ameambiwa ayanywe kwa hesabu. Alimshukuru kijana, akavirudisha, akaomba pilipili manga na ndimu.

Mambo mengine yalinyooka kwa kuuliza tu. Friji ndogo ya kabini ilikuwa imejaa chupa za pombe. Tuliomba ziondolewe, zikaondolewa, na insulini ya akiba ikapata nafasi. Tuliomba kopo la kutupia sindano, likaletwa. Dawa zote tulikuwa tumezibeba katika mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari, kwani mizigo mikubwa hukabidhiwa gatini na humfikia mtu kabini baada ya saa nyingi.

Kuhusu swala tulikuwa na kazi nyingine. Mtu wa Mombasa amezoea kibla cha kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu juu yake moja kwa moja; katika Ghuba kibla ni magharibi, kikielekea kidogo kusini, na meli nayo inageuka. Dira ya simu ilichezacheza, pengine kwa sababu ya chuma kilichotuzunguka. Tuliitegemea ramani iliyoonyeshwa katika televisheni ya kabini, tukajua meli imeelekea wapi, tukajipanga. Tulipunguza rakaa kama wasafiri, na usiku mmoja wa mawimbi tuliswali tumekaa.

Khasab tuliona pomboo wakicheza kandokando ya mashua chini ya majabali ya Musandam. Abu Dhabi tulipumzika. Doha tulirudisha saa nyuma kwa saa moja, jambo linalotaka uangalifu kwa mtu wa sindano, na tukatembelea Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu lililo ufukweni, ambako Mama alisimama mbele ya misahafu ya kale hadi mlinzi akamletea kiti.

Usiku wa mwisho mpishi mwenyewe alitoka jikoni, kijana wa Indonesia, akatusalimu kwa salamu yetu. Yeye ndiye aliyekuwa akitupikia. Akasema alikuwa akimsikia msimamizi akitaja "wazee wa meza ya dirishani" na akatamani kutuona, kwa kuwa wazazi wake wako mbali na mama yake naye ana kisukari. Mama alimwombea dua, Baba akampa tasbihi aliyoinunua Mutrah.

Tuliporudi tulimsimulia imamu wa mtaa wetu kisa chote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Baba akauliza jambo moja tu: "Na kwa nini hukuuliza?"

Mwezi uliopita mwanetu ametuletea fomu ya safari nyingine, in shaa Allah ya mwakani, nayo itasimama Maskati siku nzima. Sehemu ya mahitaji ya chakula ina mistari minne. Baba ameijaza yote minne kwa herufi kubwa, na ameomba karatasi ya ziada.